Kusanifu Upya Tovuti ya Chama cha Mji Mdogo

Tovuti ya ushirika wa akiba na mikopo au kikundi cha wanawake katika mji mdogo husanifiwa upya ili mwananchi apate haraka anachokitafuta. Kazi huanza kwa kukagua kurasa zilizopo. Taarifa zilizopitwa na wakati huondolewa, na mambo yanayoulizwa zaidi, kama masharti ya uanachama, ada, ratiba ya mikutano na namba za simu, huwekwa ukurasa wa mwanzo.

Kwa kuwa wasomaji wengi hutumia simu na bando dogo, muundo hupangwa kwanza kwa ajili ya kioo cha simu, na picha hupunguzwa uzito. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu tovuti kufikiwa na watu wenye ulemavu, katika kiwango chake cha AA hudai maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, ili wenye uoni hafifu waweze kusoma.

Programu huria kama WordPress, iliyoanza mwaka 2003, humwezesha katibu kubadilisha matangazo bila kumwita fundi. Anwani ya tovuti, kwa mfano yenye .or.tz nchini Tanzania au .or.ke nchini Kenya, husajiliwa kwa jina la chama, si la fundi, na nywila hubadilishwa na kukabidhiwa viongozi wapya kila baada ya uchaguzi.