Uzi: Safari za kumbukumbu, na Wagalla je?

Kila mjadala wa bajeti ya elimu, kuna mtu lazima aulize: kijana wa Garissa kupelekwa ng'ambo kuona walikouawa Wayahudi, kutamsaidia nini? Tulifungue hili kidogo.

Auschwitz, Poland, waliuawa watu kama milioni 1.1, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Wapoland wakapafanya makumbusho mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita. Hapa jirani kuna Gisozi, Kigali. Sipingi safari hizo hata kidogo.

Lakini mimi nimesoma Garissa hadi kidato cha nne na sikuwahi kufundishwa Wagalla. Nilisikia kwa ayeeyo, tena kwa sauti ya chini.

Februari 1984, wanaume wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir. Siku kadhaa juani bila maji, wengine wakapigwa risasi. Serikali ya wakati ule ilikubali vifo 57. Tume ya ukweli, kwenye ripoti ya 2013, ikasema ni karibu elfu moja. Ebu linganisha hizo namba mbili.

Hapo ndipo siasa ilipo. Auschwitz inafundishika manake mahali palihifadhiwa na ushahidi ukatolewa hadharani. Sisi tulikuwa na sheria ya 1970 iliyowakinga maafisa kwa yaliyotendeka kaskazini kati ya 1963 na 1967.

Kwa hivyo mwanasiasa akiahidi kupeleka vijana "wakajifunze historia", muulizeni: basi la Wajir linatoka lini?