Pini za Boneti: Kinga au Pambo?

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo ukilitaja penye vijana wapenda magari, ubishi hauishi hata giza liingie. Jambo lenyewe ni hili: mtu mwenye gari la zamani, aliyelitunza mpaka likang'ara, je, atoboe boneti atie pini, au aiache kama ilivyotoka kiwandani?

Huenda ukasema, "Mimi sina hata baiskeli, yanihusu nini?" Subiri kidogo. Wengi wetu twakaa Eastlands. Ukipita Kariobangi Light Industries, au Kirinyaga Road ambayo wazee bado huiita Grogan, utawakuta mafundi wakifufua Datsun, Peugeot 504 na Ford Escort zilizozaliwa kabla ya wazazi wa baadhi yetu kuoana. Kesho baadhi yetu tutakuwa mafundi hao, wengine wenye magari, na sote twatembea kando ya barabara yanamopita.

PINI NI NINI?

Pini ya boneti ni kijiti cha chuma kilichofungwa kwa nati kwenye ule mhimili ulio mbele, juu ya rejeta. Boneti ikifungwa, ncha ya kijiti hutokeza nje kupitia tundu lililotobolewa. Penye ncha pana kishimo, na hapo huchomekwa kipini kinachofanana na kile cha nywele. Tundu huvishwa kisahani cha chuma ili boneti isiliwe. Kwa kawaida huwa ni pini mbili, moja kila upande, na kipini hufungwa kwa kijiwaya kisipotee.

Gari la kawaida tayari lina ulinzi wake. Kuna loki yenyewe, ambayo dereva huifungua kwa kuvuta kebo akiwa ndani. Pia kuna kulabu ya akiba, ile unayoitafuta kwa vidole ukishavuta kebo. Loki ikiachilia njiani, kulabu ndiyo huishika boneti isiruke ikafunika kioo. Basi pini ni mlinzi anayeongezwa juu ya hao wawili.

ZILITOKA WAPI?

Katika nchi yetu pini zilipata sifa kwa sababu ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953. Barabara zilikuwa za mawe, vumbi na matope. Gari likirushwa namna ile kwa siku kadhaa, bodi hujipinda na loki inaweza kuachilia. Tena likigonga kitu mbele, loki inaweza kukwama, na fundi mwenye dakika chache tu hana wakati wa kubembeleza kebo. Akiwa na pini, huchomoa viwili, huinua, na kazi huanza.

Ndiyo maana kanuni za kimataifa za ralli hudai vifungio vya ziada visivyopungua viwili kwenye boneti, na loki ya asili huondolewa au kulemazwa. Mpaka leo utaziona pini kwenye magari ya mashindano ya Safari Classic, yaliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya magari ya kale, na kwenye yale ya Safari yenyewe iliyorudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021.

Huko Marekani nako kulikuwa na yale waliyoyaita magari ya misuli, yaani gari la kawaida lililotiwa injini kubwa kupita kiasi. Plymouth Road Runner moja ya mwaka 1969 iliuzwa ikiwa na boneti ya faibaglasi isiyo na bawaba hata moja. Ilishikwa na pini nne, na ukitaka kutazama injini ulilazimika kuiinua yote na kuiweka kando. Hapo pini hazikuwa pambo. Bila pini hakuna boneti!

TAZAMA BAWABA KWANZA

Hili ndilo vijana wengi hulisahau. Kabla ya kuuliza bei ya pini, uliza boneti yako hufungukia upande gani.

Ford Escort, iliyoshinda Safari mwaka 1972 na 1977, ina bawaba nyuma, karibu na kioo, na mdomo wake hufunguka mbele. Loki ikiachilia mwendoni, upepo huingia chini ya mdomo na kuirusha boneti juu ya kioo. Dereva haoni mbele tena. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ni kinyume chake. Bawaba ziko mbele na boneti hufunguka upande wa kioo. Loki ikilegea, upepo unaotoka mbele hausaidii sana kuifungua.

Walimu wetu wa fizikia watakubaliana nami kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo huongezeka mara nne. Boneti iliyotulia katika kilomita 40 kwa saa hupambana na nguvu mara nne ikifika 80. Kwa hivyo mwenye Escort ana sababu ya kufikiria pini kuliko mwenye 240Z.

KISA CHA JERICHO

Mtaani Jericho tuna jirani, mzee mstaafu, mwenye Escort ya miaka ya sabini. Mwanawe alimwandama mwezi mzima.

"Baba, weka pini bana, hii gari ipate sura."

"Sura nitakula?" mzee akamjibu.

"Lakini hata wewe umeona boneti inacheza tukiwa Jogoo Road."

Hapo mzee akanyamaza, kwa maana lilikuwa kweli. Na gari hilo si la maonyesho. Ndilo humpeleka mkewe kliniki kila mwezi. Boneti ikiruka kati ya matatu na malori, ni roho za watu.

Waliita fundi. Jambo la kwanza alilofanya si kushika drili. Aliitikisa boneti, akaivuta kebo, akaisukuma kulabu kwa kidole. Kulabu haikurudi. Springi yake ilikuwa imechoka na grisi ya zamani imeganda na vumbi mpaka ikawa kama udongo. Loki nayo ilikuwa imekaa juu mno, haiikazi boneti. Akasafisha, akatia springi nyingine na grisi mpya, akashusha loki kidogo, na kubadilisha vile vimpira vinavyoibeba boneti kwenye kona. Walipolijaribu gari, boneti ilitulia tuli.

Kijana bado alitaka pini. Fundi akamwuliza swali moja: "Hii gari inalala wapi?" Inalala nje, kama magari mengi ya mtaa wetu. "Basi ukitoa loki ubaki na pini peke yake, utakuwa umemfungulia mwizi betri. Atachomoa tu kama unavyochomoa wewe."

Mpenzi msomaji, maneno hayo ndiyo kiini cha makala yangu. Gari la ralli halilali Jericho. Lina walinzi na mafundi usiku kucha. Ukiiga kifungio chake bila kuwa na walinzi wake, umeiga nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo iliyokuwa muhimu. Escort ile haikutobolewa, na pesa za pini zilinunua tairi la akiba.

UKIAMUA KUZITIA

Sisemi pini hazifai. Kama unaingia mashindanoni, au boneti ni ya faibaglasi, au loki haipatikani tena hata kwa wauza spea kuukuu, zitie. Lakini fuata haya:

1. Ikiwa gari ni la barabarani, acha loki na kulabu zifanye kazi. Pini ni mlinzi wa ziada.

2. Kagua boneti kwa chini. Usitoboe mbavu zake za kuimarisha, na hakikisha kijiti hakitagusa rejeta. Ukiona mhimili ni mwembamba, mafundi wa Kamukunji wanaweza kukukatia kibamba cha chuma cha kuutia nguvu.

3. Funga kijiti kwanza, paka ncha yake grisi, kisha ushushe boneti polepole. Alama itakayobaki kwa chini ndipo pa kutoboa. Usikadirie kwa macho, maana tundu halirudi nyuma.

4. Anza kwa drili ndogo, kisha kubwa. Lainisha kingo kwa tupa, na upake rangi ya kuzuia kutu kabla ya kuweka kisahani. Chuma kilichotobolewa kikaachwa uchi, mvua moja ya Aprili yatosha kukianzishia kutu.

5. Kivishe kijiwaya mpira mwembamba, la sivyo kitachora rangi kila siku.

6. Chagua pini zisizotokeza sana, au zile zinazolala sawa na bati. Mitaani mwetu watoto hucheza barabarani, na chuma kinachochomoza mbele ya gari kinaweza kuzidisha jeraha la mtu aliyegongwa.

Kuna pini zenye kufuli, na hizo humpunguzia mwizi raha. Ila ufunguo uwe karibu kila mara. Injini ikishika moto, hutaki kuanza kupekua mifuko.

HITIMISHO

Kabla ya kutoboa, mwenye gari ajiulize maswali matatu: Boneti yangu hufungukia wapi? Loki yangu ni mbovu au ni chafu tu? Gari langu hulala wapi? Akishajibu kwa ukweli, uamuzi utajitokeza wenyewe. Waswahili hawakukosea waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta. Loki iliyolegea ni ufa, na ufa huzibwa palepale ulipo, si kwa kutoboa matundu mengine mawili kando yake.

Kwa hayo machache naitua kalamu yangu. Anayepinga na alete hoja zake kwenye mkutano wa chama, nami nitampokea kwa mikono miwili.