"Assist" si "assister": neno la Kiingereza la kuangalia kabla ya mahojiano

Hapa Mutakura, wengi wetu tulikutana na Kifaransa kabla ya Kiingereza. Kwa Wakongomani ni lugha ya shule na ya ofisi, na kwa Warundi vilevile, ingawa Kiingereza nacho ni lugha rasmi ya Burundi tangu mwaka 2014. Kwa hiyo unapoanza kujifunza Kiingereza, unaegemea Kifaransa. Mara nyingi inafaa, kwa sababu maneno mengi yanafanana. Lakini mengine yanafanana kwa sura tu, na mojawapo linaweza kukuharibia dosiye. Neno hilo ni "assist".

Anza na Kifaransa. "Assister quelqu'un" ni kumsaidia mtu. Lakini ukiongeza kile kineno kidogo "à", maana inageuka: "assister à une réunion" ni kuhudhuria mkutano, kuwapo mahali na kuona kinachotendeka. Maana hii ya pili ndiyo tunayoitumia sana, hata ndani ya Kiswahili chetu cha mtaani: utasikia mtu akisema "nili-assister mazishi".

Kiingereza cha leo kina maana ya kwanza tu. "To assist" ni kusaidia, kutia mkono katika kazi. Kama unafuata mpira wa Uingereza kwenye televisheni, tayari unaijua maana hiyo: mchezaji aliyetoa asisti hakuwa mtazamaji, yeye ndiye aliyetoa pasi iliyozaa bao.

Sasa fikiria unaulizwa katika mahojiano juu ya shambulio la kijijini kwenu. Kwa Kifaransa ungesema "j'ai assisté à l'attaque", yaani nilikuwapo, niliona kwa macho yangu. Ukilibeba neno hilo hadi kwenye Kiingereza na kusema "I assisted in the attack", umesema kwamba uliwasaidia washambuliaji. Shahidi amejigeuza mshitakiwa kwa neno moja.

Hilo si jambo dogo, kwa sababu neno lenyewe limo katika sheria. Sheria ya Marekani kuhusu wakimbizi, ya mwaka 1980, inasema kwamba haihesabiwi kuwa mkimbizi mtu yeyote aliyeamuru, aliyechochea, aliyesaidia au aliyeshiriki kwa namna nyingine katika kuwatesa watu kwa sababu ya rangi, dini, uraia, kundi lao la kijamii au maoni yao ya kisiasa. Hapo kwenye "aliyesaidia", Kiingereza kimeandika "assisted". Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 nao, katika kifungu cha 1F, unawanyima ulinzi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kwamba walitenda uhalifu wa kivita au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa hiyo ofisa akisikia neno hilo, ni kazi yake kulifuatilia. Neno moja peke yake halitoshi kukukatalia, lakini linaweza kuleta maswali mengi na kuchelewesha kesi.

Na wanaohitaji kusema "nilikuwapo" ni wengi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi wa Kongo zaidi ya 150 waliuawa Gatumba, karibu na mpaka. Wengi wa waliookoka walipelekwa baadaye Marekani. Watu kama hao wanaulizwa waliona nini.

Basi useme nini? Maneno mafupi ndiyo salama zaidi. "I was there" ni nilikuwa pale. "I saw it" ni niliona. Ukitaka neno zito zaidi, tumia "I witnessed the attack", yaani nilishuhudia shambulio.

Kwa mkutano, mazishi, ibada au mafunzo, neno ni "attend". Hapa pia kuna mtego: "attend" si "attendre". Kusubiri kwa Kiingereza ni "wait". Jambo hili linawahusu sana vijana, wenyeji na wakimbizi, wanaoandika barua za kuomba kazi kwenye mashirika. "I attended a training" ina maana ulikuwa mwanafunzi wa mafunzo hayo. "I assisted with a training" ina maana ulimsaidia mwalimu kuyaendesha. Mwajiri atakuuliza uliyaendeshaje, na hapo utakwama.

Katika mahojiano yenyewe, kujua Kiingereza si sharti la kutambuliwa kuwa mkimbizi. Usijilazimishe kukisema ili kumpendeza ofisa. Omba mkalimani wa lugha unayoimudu vizuri, na kama humwelewi au unaona hakuelewi, sema mara moja, mahojiano yakiwa bado yanaendelea. Mkimaliza, omba usomewe yaliyoandikwa. Sikiliza hasa sehemu zinazohusu mahali ulipokuwa na ulichofanya. Ukisikia "assisted" mahali uliposema "nilikuwapo", waombe warekebishe kabla hujatia sahihi.

Neno jingine la kuangalia ukiwa huko ni "demand". Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba tu, kwa adabu. Kwa Kiingereza "I demand" ni kudai kwa ukali, kama mtu aliyekuja kugombana. Ukitaka kuomba kitu, sema "I would like to ask for".