Kijana amemaliza kidato cha nne, yuko mikononi mwa nani?



Kila Novemba, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ukimalizika, vijana wa Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga hutoka shuleni na mashati yaliyojaa saini za wenzao. Tunafurahi nao, na ni haki yao kufurahi. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Matokeo hutoka Januari. Kidato cha tano huanza Julai. Hata kwa aliyefaulu vizuri, hiyo ni miezi saba na zaidi isiyo na kengele, isiyo na mwalimu wa zamu, isiyo na mtu wa kuuliza, "Jana usiku ulikuwa wapi?" Aliyefeli hajui hata miezi hiyo itaishia wapi.

Ndani ya miezi hiyo ndipo kikombe cha kwanza hutolewa. Hapa pwani hakihitaji fedha nyingi. Kuna mnazi, kuna gongo iliyokatazwa na sheria, kuna bia na chupa ndogo za pombe kali. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia Machi 1, 2017, na tulishukuru, maana vilikuwa vinaingia mpaka kwenye mifuko ya sare za shule. Lakini marufuku huondoa kifungashio, haiondoi kiu. Kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na wengi wa hawa wanaomaliza kidato cha nne hawajafika umri huo. Nani kati yetu amewahi kumkumbusha muuzaji wa mtaani kwake?

Wagema wanajua siri moja: mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali. Ni tembo lile lile, limekaa tu. Kitabu cha Mithali, sura ya 23, kinasema hivyo hivyo kuhusu mvinyo: hushuka taratibu, mwishowe huuma kama nyoka.

Sisi wa Tanga tunaishi nyumba kwa nyumba na ndugu zetu Waislamu. Kijana wa jirani akikaribishwa pombe ana jibu alilofundishwa tangu utotoni, ingawa naye hujaribiwa kama wengine. Kijana wetu je? Mchungaji anamwambia acha kabisa. Mjomba anamwambia kidogo hakidhuru. Kwenye sherehe ya kipaimara chake mwenyewe anaona kreti zimepangwa ukumbini. Sauti tatu, na hakuna aliyekaa naye kuzungumza. Akikaribishwa, atajibu nini?

Mtazame Danieli, sura ya kwanza. Naye alikuwa kijana, mbali na wazazi, amepewa jina jipya na kuwekewa mvinyo wa mfalme. Maandiko yanasema aliazimu moyoni mwake. Kisha alizungumza na msimamizi kwa adabu, akaomba ajaribiwe siku kumi. Wala hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake watatu wenye msimamo huo huo. Uamuzi, maneno ya kukataa bila kugombana, na marafiki: hayo matatu kijana anapaswa kutoka nayo nyumbani. Hayaokotwi baa.

Tatizo hili si la Tanga tu. Australia, wanaomaliza sekondari humiminika ufukweni Gold Coast kusherehekea, na wengi hulewa kupindukia. Tangu mwaka 1997, Wakristo wa kujitolea wa kundi liitwalo Red Frogs huwafuata huko huko. Huwagawia peremende, huwapikia chapati za maji, huwasindikiza waliolewa mpaka wanakolala. Iceland nako, mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Wazazi wakakubaliana saa ya watoto kuwa nyumbani, wakafahamiana na wazazi wa marafiki wa watoto wao, na serikali ikagharimia michezo na muziki. Mwaka 2016 ilibaki asilimia 5. Watu wazima walishirikiana, na jioni za vijana zikapata kazi.

Je, usharika wako hauwezi? Jumapili ya kwanza baada ya mtihani, waiteni wahitimu mbele, waombeeni, kisha andikeni majina yao. Kila jina lipewe mtu mzima mmoja wa kumpigia simu kila wiki mpaka Julai. Fundi cherehani, seremala, mwenye duka, mwenye kompyuta: mchukue mmoja akae nawe. Kwaya na timu ya mpira zifanye mazoezi Ijumaa na Jumamosi jioni, saa ambazo baa hujaa. Na wewe mzazi, sherehe ijayo jaribu kuifanya bila kreti.

Kama wako ameshaanza, usimtangaze kwa majirani wala usimfukuze. Yule baba wa Luka 15 alimkimbilia mwanawe akiwa bado yuko mbali. Mpeleke hospitali, au nyumba za upataji nafuu, ambako wengine wamepona. Ulevi ni dhambi ya kutubiwa na pia ni ugonjwa wa kutibiwa. Toba na dawa havigombani.

Na wewe kijana unayesoma haya, amua leo ukiwa na akili timamu, kabla rafiki hajakunyooshea glasi. Mwambie rafiki mmoja uamuzi wako, naye akuambie wake. Danieli alianza na siku kumi tu.

Mungu akubariki. Jumapili njema.