Kibuyu cha Eldoret: Mgeni wa Pwani Ale Nini?

Msomaji, sisi watu wa pwani tuna ada moja isiyotupamba. Tukipanda bara, neno la kwanza tuulizalo baada ya salamu ni: pilau inapatikana wapi? Likikosekana sahani la pilau tunanuna, tunashindia chai na mkate, kisha tunarudi kwetu na kuhadithia kwamba huko tulikokwenda hakuna chakula.

Nami nilikuwa mmoja wao. Nikingali kijana katika kazi hii ya habari, nilitumwa Eldoret kuandika juu ya wanariadha. Mji ule uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 2,100, na baridi yake ilinitoa tambo zote za Mombasa. Nikakaribishwa katika nyumba moja nje kidogo ya mji. Bibi wa nyumba, ambaye wenyewe humwita kogo, alileta kibuyu, akakitikisa, akanimiminia kikombe cha maziwa mazito yenye rangi ya kijivu, utadhani yametiwa majivu. Nikayatazama, nikasema nimeshiba. Bibi hakunijibu neno. Alikifunika kibuyu chake akakirudisha ndani, na kimya chake kile hakijanitoka moyoni hata leo.

Kilichonikosesha kilikuwa ujinga, wala hakikuwa dini. Maana katika mafunzo tuliyoyapata chuoni tungali wadogo ni kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Laiti ningaliuliza, ningaliambiwa.

Maziwa yale huitwa mursik, na ndiyo fahari ya Wakalenjin. Kibuyu chake huitwa sotet. Husuguliwa ndani kwa kijiti kilichochanuliwa ncha kama ufagio, kisha hupakwa makaa ya mti uitwao senetwet, yaliyosagwa yakawa laini. Ndipo hutiwa maziwa, ambayo siku hizi wengi huyachemsha kwanza na kuyaacha yapoe, kisha kibuyu hufunikwa kikawekwa siku kadhaa, pengine wiki nzima na zaidi, mpaka maziwa yagande. Kumbe ule ukijivu ni makaa, na ile harufu ya moshi ndiyo ladha yenyewe. Nasi je, si twafukiza mitungi yetu ya maji kwa ubani? Tena baadhi ya vibuyu vile hupambwa kwa ushanga na kauri, na kauri ni mtoto wa bahari. Bidhaa za pwani zilifika katika nyumba zile zamani sana kabla yangu mimi.

Mursik haiwi kinywaji cha kukata kiu tu. Mkimbiaji akirudi na ushindi kutoka nchi za ng'ambo, hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu, akanywa mbele ya watu. Kwenye posa na harusi vilevile kibuyu hakikosekani. Basi anayekikataa bila ya neno la heshima huwa amekataa zaidi ya maziwa.

Baada ya maziwa kuna kimnyet, yaani ugali. Wa asili ni wa wimbi, mweusimweusi na mzito, ingawa siku hizi mahindi yametawala, kwani Uasin Gishu ni ghala la mahindi na ngano la Kenya. Wimbi twaujua kwa uji. Huko husongwa ukashika. Kitoweo chake aghalabu ni mboga ya majani. Sokoni utasikia wakitaja sageti na managu, nawe utadhani ni vitu vigeni. Tazama vizuri: sageti ni mgagani, na managu ni mnavu, mboga zile zile za bibi zetu. Tofauti ni kwamba sisi uchungu wake twautuliza kwa tui la nazi, nao huutuliza kwa maziwa au malai. Mmoja ana mnazi, mwingine ana ng'ombe, na kila mmoja amepika kwa alichojaaliwa.

Sasa tuje kwenye mipaka yetu. Nyama ya kuchoma imejaa mjini, nawe uliza imechinjwa na nani. Eldoret ina misikiti na Waislamu wa siku nyingi, hutakosa wa kukuelekeza. Zamani wafugaji walikuwa wakimtoboa ng'ombe mshipa kwa mshale, wakachanganya damu na maziwa. Hiyo kwetu ni haramu, na ukipewa maziwa ya kienyeji si vibaya kuuliza. Busaa, pombe ya nafaka, tuipishe. Na kuhusu mursik yenyewe, watafiti walioipima maabara walikuta ndani ya baadhi yake kileo kidogo kitokanacho na kule kuchachuka, pamoja na kemikali inayohofiwa kuchangia saratani ya umio. Haitengenezwi kwa kulevya, lakini mwenye shaka na amwendee shekhe wake, na mgonjwa daktari wake. Asiyeridhika ana chai ya maziwa, yenye majani ya Nandi Hills, na asali ya Bonde la Kerio. Vyote viwili havina mgogoro.

Mji ule ulioanza kwa jina la shamba nambari 64, ambalo wenyeji waliligeuza likawa Sisibo, ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Mursik sasa huuzwa hata kwenye chupa za plastiki, na vijana wengi wanajua zaidi chipsi. Mwaka 2021 UNESCO iliusifu mpango wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili, ukiwa mfano mwema kwa wengine. Sifa hiyo ni njema, lakini kibuyu huhifadhiwa na mkono unaokisugua, na mgeni anayekinywea.

Nilirudi Eldoret miaka mingi baadaye. Kogo yule alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Mjukuu wake wa kike alinimiminia kutoka kibuyu kingine, nami kabla ya kupokea nikauliza yaliyonipasa kuuliza, naye akanijibu kwa furaha, wala hakuona nimemvunjia heshima. Nikasoma Bismillahi, nikanywa. Ni makali kidogo, yana moshi, na yanashibisha.

Nawe ukifika huko, msomaji, uliza kwa adabu, na ukikataa kataa kwa adabu. Ukinywa, rudisha kikombe kwa mikono miwili, useme kongoi, yaani ahsante.