Karata Zinapochangwa Huku Zikipangwa

Mtu anapochanga karata mbele ya wenzake, mlio wa karata zikipishana unatosha kuwatuliza wote mezani. Kila mmoja anaamini kwamba mpangilio wa mwanzo umeshavurugika na kilichobaki ni bahati yake tu. Imani hiyo ina msingi dhaifu. Kuchanga kunavuruga karata kidogo kuliko macho yanavyodhani, na mwenye mikono iliyofunzwa anaweza kuchanga hadharani huku anazipanga. Ndiyo maana anayejali mchezo wa haki anapaswa kujua jinsi karata zinavyopangwa, hata kama hatazipanga maisha yake yote.

Uchangaji wenyewe ni ule wa kupishanisha. Pakiti ya karata 52 inagawanywa mafungu mawili, pembe zake zinakutanishwa mezani, kisha vidole gumba vinainua kingo na kuachia karata zidondoke kidogo kidogo, za kulia zikiingiliana na za kushoto. Chukulia meza ya poka yenye wachezaji watano, mgawaji akiwa wa mwisho kupata karata. Ree mbili ziko juu kabisa ya pakiti, naye anazitaka zote. Fungu la juu, lenye ree, analishika kwa mkono wa kulia. Anachanga kwa kasi ya kawaida hadi karibu na mwisho, ambapo dole gumba la kulia limebakiza ree mbili na la kushoto limebakiza karata nne. Anaachia ree ya chini, anaifunika kwa zile nne, halafu anaachia ree ya pili juu yake. Anapochanga tena kazi ni nyepesi zaidi: kundi lile la karata sita analiachia likiwa zima, kisha analifunika kwa karata nyingine nne. Sasa ree ziko nafasi ya 5 na ya 10, na kila mmoja wa mizunguko miwili ya kwanza ya kugawa utamletea moja. Ugumu wote uko kwenye dole gumba, ambalo lazima litambue unene wa karata nne kwa kugusa tu. Jicho halina kazi kubwa hapa. Mmarekani Richard Turner, mmoja wa mabingwa wakubwa wa ufundi huu, ambaye maisha yake yanasimuliwa katika filamu ya Dealt ya mwaka 2017, ni kipofu.

Mbinu hii inawezekana kwa sababu kuchanga mara moja hakubadilishi mfuatano ndani ya kila fungu. Karata iliyokuwa juu ya nyingine katika fungu lile lile itabaki juu yake, isipokuwa sasa kuna wageni katikati yao. Mipangilio inayoweza kupatikana kwa kuchanga pakiti mara moja ni namba yenye tarakimu 16. Mipangilio yote ya karata 52 ni namba yenye tarakimu 68. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walichapisha hesabu iliyoonyesha kwamba pakiti inahitaji kuchangwa takriban mara saba ndipo ikaribie kuchanganyika kweli. Diaconis alilijua jambo hili kwa mikono kabla ya kalamu: akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani New York kumfuata mwanamazingaombwe Dai Vernon, na baadaye akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Stanford.

Wapo watakaosema basi tuchange mara saba, yaishe. Lakini hesabu ile inachukulia kwamba karata zinadondoka kwa kubahatisha, kutoka mikono isiyo na nia yoyote. Kwa mikono yenye nia, idadi haina maana. Anayeweza kugawa pakiti nusu kwa nusu, 26 kwa 26, na kuzipishanisha moja kwa moja bila kukosea, huku karata ya juu ikibaki juu, atairudisha pakiti yote katika mpangilio wake wa awali baada ya kuchanga mara nane. Mashine nayo haitoi uhakika wenyewe. Diaconis na wenzake walipoichunguza mashine ya kuchangia karata iliyotengenezwa kwa ajili ya kasino, waligundua kwamba mtu anayeelewa inavyofanya kazi angeweza kubashiri sawasawa karata kama tisa na nusu kwa wastani katika pakiti nzima. Kwa pakiti iliyochanganyika vizuri, wastani ni nne na nusu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kueleza mambo haya ni kufundisha wizi. Wasiwasi huo ni wa haki, ila unasahau kwamba siri hii si siri tena. Kitabu cha mwandishi aliyejiita S. W. Erdnase, The Expert at the Card Table, kilitoka Chicago mwaka 1902 kikiwa na mbinu nyingi za kupanga karata wakati wa kuchanga. Walaghai tayari wanajua. Asiyejua ni yule anayelaghaiwa. Wanaoliwa fedha kwenye pata potea wanaponzwa na kuamini kwamba jicho kali linatosha. Isitoshe, kinga zilizopo zina maana kwa anayeujua ulaghai zinaouzuia. Desturi ya mchezaji mwingine kukata karata inaonekana kama adabu tu, lakini ndiyo inayoziondoa zile ree nafasi ya 5 na ya 10, na kumlazimisha mlaghai atafute mshirika au mbinu nyingine ya kuurudisha mkato kwa siri.

Kwa hiyo haki ya mezani tuitafute kwenye utaratibu, tusiitegemee sura ya mgawaji. Karata zitandazwe na kuvurugwa kwa viganja, zichangwe na zaidi ya mtu mmoja, zikatwe na asiyegawa. Mgawaji mwaminifu hapotezi chochote kwa masharti hayo, na anayeyakataa ametoa sababu ya kutosha ya kutocheza naye.