Kalamu ya Mwanafunzi wa Mbali

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, huwafundisha watu makwao, baadhi ya masomo kwa intaneti. Wasiotimiza sifa huanza kwa kozi ya msingi.

Kijana tuliyemsomesha madrasa hapa Shinyanga, sasa mchimbaji dhahabu Geita, alituletea insha yake ya masomo ya namna hiyo. Ilipendeza, lakini tulipomwuliza maana yake alinyamaza: ameinakili. Tukamwambia, "Mwanetu, udongo usiooshwa hautoi dhahabu. Andika habari za shimo lako." Akaandika ukurasa mmoja wenye makosa mengi, lakini wake.

Enyi vijana, aya za kwanza alizoteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) zataja kusoma na kalamu. Mwalimu asiyekuona hukujua kwa maandishi yako tu. Ukiiba ya mwingine, atamsahihisha nani?